Mkono Usio na Habari: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto wa Siku Tisa Kisiwani Lamu

Mtoto aliletwa kliniki asubuhi ya siku ya tisa tangu azaliwe, amefunikwa leso, mikononi mwa nyanya yake. Mama mzazi alifuata nyuma kwa hatua za polepole, kwa kuwa arubaini yake ilikuwa bado mbali, na kwa desturi ya Amu mzazi hatoki nje kabla ya siku hizo kutimia ila kwa jambo zito. Jambo lenyewe lilikuwa hofu ya dege, yaani degedege. Kwa siku tatu mfululizo, hasa usiku, mtoto alikuwa akigutuka usingizini, akitupa mkono juu, akilia kidogo, kisha akitulia kama ambaye hakupatwa na kitu. Nyanya alikuwa amekwisha kumfunga kwenye kifundo cha mkono kitambaa cheusi chenye mvuje, kama walivyofungwa watoto wote wa nyumba ile kabla yake. Hakuona haya kunionyesha, wala sikuona sababu ya kumwambia akifungue.

Nilipomwomba anieleze mtoto hushtuka vipi, hakutosheka na maneno. Alimlaza kwenye kitanda cha kupimia, akapiga kofi moja karibu na kichwa chake, na mkono wa kushoto ukaruka.

"Mato yake ni mazima, na ziwa anyonya," alisema, kwa Kiamu chake ambacho macho huitwa mato. "Lakini watoto wangu wote walikuwa wakiruka mikono miwili, mwanangu. Huyu, mkono huu waruka, na huu hauna habari."

Nimesoma barua nyingi za rufaa katika kazi hii, na ni chache sana zilizonieleza mengi kwa maneno machache kiasi hicho. Nyanya alikuja akiogopa mkono ulioruka. Mkono wa kutazamwa ulikuwa ule wa pili, na ule ulioruka ndio uliotuonyesha tatizo lake liko wapi.

Huyu ni mtoto wa tatu wa mama yake. Wawili wa kwanza walizaliwa bila taabu, wa pili akiwa na kilo 3.9. Huyu alikuwa na kilo 4.4, baada ya mimba ambayo sukari ya mama haikupimwa hata mara moja. Mama alikumbuka kwamba kichwa kilitoka, kikarudi nyuma kidogo kama cha kobe, kisha mambo yakasimama. Wakunga wawili walimkunja mapaja hadi tumboni, mmoja wao akamkandamiza juu ya kinena, na mtoto akatoka baada ya muda ambao mama aliuona mrefu mno. Alilia mara moja. Bega lilikuwa limekwama nyuma ya mfupa wa kinena, na kichwa kikiwa nje ilhali bega liko ndani, shingo huvutika upande mmoja, na neva zitokazo shingoni kwenda mkononi huvutika pamoja nayo. Haki inataka isemwe kwamba si lazima mtu awe amevuta kwa pupa. Nguvu ya uchungu wenyewe, ikimsukuma mtoto dhidi ya mfupa usiosogea, inaweza kutosha kuziumiza neva hizo.

Hofu ya dege ilipaswa kujibiwa kwanza, maana mzazi mwenye hofu hasikii la pili. Kushtuka kule kuna jina. Daktari Ernst Moro, aliyekuwa akitibu watoto mjini Heidelberg, Ujerumani, alieleza kushtuka huko mwaka 1918, na tangu hapo huitwa refleksi ya Moro. Mtoto mchanga akisikia kishindo, au kichwa chake kikishuka ghafla kidogo tu, hufungua mikono yote miwili kwenda nje, vidole vikachanua, kisha huirudisha kifuani kama anayekumbatia, na mara nyingi hulia. Ni ishara ya afya. Mchanga asiyekuwa nayo kabisa ndiye wa kutiliwa shaka.

Degedege la kweli kwa mchanga huwa la kimya kuliko watu wanavyodhani. Macho hukodoa au huenda upande mmoja yakabaki huko, midomo hutafuna kisichokuwepo, miguu huzunguka kama ya mwendesha baiskeli, mkono hupigapiga kwa mpigo uleule, pumzi husita, rangi hubadilika. Mkono unaotetemeka tu ukiushika hutulia. Mkono wa mtoto aliye katika degedege huendelea kupiga ndani ya kiganja chako. Na mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha akaacha kunyonya, akakakamaa na kujikaza kila anapoguswa, huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa pepopunda ya wachanga hujitokeza hivyo. Mtoto wetu hakuwa na hata moja kati ya haya. Sukari yake, iliyopimwa kwa tone la damu ya kisigino, ilikuwa sawa, joto lake lilikuwa sawa, na alinyonya mbele yangu mpaka akatosheka.

Baada ya hapo tukarudi kwenye mkono wa kulia.

Mkono usioinuka unaweza kuwa umeharibikiwa mahali popote katika njia ndefu: kwenye gamba la ubongo, kwenye shina la ubongo linaloungana na uti wa mgongo, katika uti wa mgongo wenyewe, katika neva, katika msuli wenyewe, au katika mfupa na kiungo. Mtu mzima huambiwa ainue mkono, akunje kiwiko, afinye kidole cha anayempima, na kwa anavyoweza na asivyoweza hujulikana njia imekatika wapi. Mtoto wa siku tisa haamriki. Kinachobaki ni kumuuliza maswali ambayo mwili wake huyajibu bila yeye kutaka, na refleksi ndizo maswali hayo. Lakini jibu halisomeki mpaka ujue ni nani hasa anayeuendesha mwili wa mtoto mchanga.

Gamba la ubongo, ambalo kwetu sisi watu wazima ndilo linalotoa amri ya kuokota sindano au kuandika barua, halijashika usukani bado. Mtoto huanza kujisogeza tumboni mimba ikiwa na wiki saba au nane, muda mrefu kabla mama hajasikia anacheza, na wakati huo gamba la ubongo halina njia ya kufikisha amri kwenye msuli wowote. Mienendo ile huzaliwa katika uti wa mgongo na shina la ubongo, ambako seli za neva huamshana zenyewe, na huendelea vivyo hivyo baada ya mtoto kutoka. Daktari Heinz Prechtl, aliyefanya kazi miaka mingi Groningen, Uholanzi, alijifunza kuitazama tu kwa makini, bila kumgusa mtoto. Aliona kwamba mchanga mzima, akiwa macho na ametulia, hujinyonganyonga mwili mzima polepole, mikono na miguu ikipishana kwa namna isiyojirudia, na kwamba kuanzia kama wiki ya tisa baada ya kuzaliwa mienendo hiyo huwa midogomidogo, ya kila upande, mfululizo. Mtoto ambaye mienendo hiyo midogo haiji kabisa yumo katika hatari kubwa ya kupooza kunakotokana na ubongo.

Njia iendayo kutoka gamba la ubongo hadi uti wa mgongo ipo mtoto anapozaliwa, ila ni changa. Nyuzi zake hazijavikwa sawasawa mayelini, lile ganda la mafuta linaloufanya ujumbe wa neva uende kasi, na kazi ya kuzivika huchukua takriban miaka miwili. Ushahidi wake uko unyayoni. Mtu mzima akikwaruzwa unyayo kutoka kisiginoni kwenda mbele, kidole gumba cha mguu hukunjika chini. Kikiinuka, kuna ugonjwa katika njia hiyo, kama Joseph Babinski alivyoonyesha mjini Paris mwaka 1896. Kwa mchanga kidole kuinuka si ugonjwa. Njia haijakamilika, basi. Nilimkwaruza mtoto huyu nyayo zote mbili mbele ya nyanya, na vidole gumba vikainuka vyote viwili sawasawa.

Jambo hili ndilo lililoamua mwelekeo wa uchunguzi. Ikiwa gamba la ubongo bado haliuendeshi mkono, basi jeraha la gamba hilo peke yake haliwezi kwa urahisi kuunyamazisha mkono mmoja tangu siku ya kwanza. Mtoto aliyepatwa na kiharusi cha upande mmoja wa ubongo wakati wa kuzaliwa mara nyingi huonekana kama wenzake kwa miezi kadhaa. Anapofikia miezi minne au mitano, umri wa kunyoosha mkono kuchukua kitu, ndipo huonekana kwamba mmoja unakwenda na wa pili umebaki ngumi. Nimesikia wazazi wakilipokea jambo hilo kwa furaha, wakisema mtoto wao ni wa mkono wa kushoto. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hatakiwi kuwa na mkono anaoupenda kuliko mwenziwe, na akiwa nao, apelekwe akapimwe. Mkono wa mtoto huyu ulikuwa umelegea tangu alipozaliwa, kwa ushuhuda wa mama aliyedhani kwamba umechoka tu. Habari ilikuwa imekatika chini ya ubongo.

Nilianza kwa kumtazama bila kumgusa, amevuliwa nguo, ameshiba, yu macho. Miguu yote miwili ilikuwa ikipiga teke kwa zamu. Mkono wa kushoto ulikuwa ukizunguka hewani kama Prechtl alivyoeleza. Mkono wa kulia ulilala ubavuni, bega limegeukia ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kimetazama nyuma na kifundo kimekunjika, kama mkono wa mtu anayepokea kitu kwa siri nyuma ya mgongo. Kifua kilikuwa kikiinuka pande zote mbili kwa usawa. Hilo sikulitazama kwa mazoea tu: neva ya kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, hutoka shingoni jirani kabisa na neva za bega, na mtoto aliyeumia hapo anaweza kuumia kote kuwili. Uso haukupinda alipolia. Kope zilikuwa sawa, na mboni zilikuwa sawa.

Kisha nikamgusa. Mtulinga, mfupa unaotoka kifuani kwenda begani, haukuwa na uvimbe wala mlio wa mfupa uliovunjika, na picha ya eksrei iliyopigwa baadaye siku ile ilithibitisha hivyo. Niliuzungusha mkono taratibu kila upande. Ulikwenda wote, na mtoto hakulia. Mkono uliovunjika, au wenye usaha ndani ya kiungo, nao haujisogezi, lakini ukiusogeza wewe, mtoto hukwambia. Nilipogonga kidogo kwenye kano ya baisepsi, msuli wa kukunja kiwiko, penye mkunjo wa kiwiko, upande wa kushoto uliruka na upande wa kulia haukujibu.

Nikaweka kidole changu cha shahada katika kiganja cha mkono ule uliolala. Kwa kitambo hapakuwa na kitu. Kisha vidole vyake vikajifunga juu ya changu, kimoja baada ya kingine, na nilipovuta kidogo vilizidi kukaza mpaka kucha zake zikawa nyeupe. Nyanya aliinama akatazama, akasema taratibu, "Kumbe wasikia."

Mwisho nikajaribu refleksi ya Moro kama ipasavyo, kichwa cha mtoto kikiwa ndani ya kiganja changu, nikakiacha kishuke kidogo sana kikiwa bado kimeshikwa. Mkono wa kushoto ulifunguka wote na kurudi kukumbatia. Upande wa kulia vidole vilichanua, lakini bega na kiwiko havikwenda popote.

Majibu haya yakisomwa pamoja, nafasi ya kukisia huwa ndogo. Chombo cha sikio kinachohisi kichwa kushuka kilihisi, na shina la ubongo linalopokea habari hiyo lilipokea na kutoa amri, kwani mkono wa kushoto uliitii. Uti wa mgongo haukukatika, kwa kuwa miguu ilikuwa ikicheza na vidole vya mkono uleule vilichanua na kufumba. Neva hutoka katika uti wa mgongo kwa mizizi, na zinazofunga vidole hutoka katika mzizi wa nane wa shingo na wa kwanza wa kifua. Hizo zilikuwa nzima. Zinazoinua bega, kuligeuza nje na kukunja kiwiko hutoka katika mzizi wa tano na wa sita wa shingo, na hizo ndizo zilizonyamaza. Kulegea kwa kifundo kuliashiria kwamba na ule wa saba uliguswa. Mizizi hii husokotana juu kidogo ya mtulinga kabla ya kushuka kwapani, na hapo ndipo shingo inapovutwa mbali na bega msokoto wa juu huanza kuumia. Daktari Duchenne aliwaeleza watoto wa namna hii Ufaransa mwaka 1872, na Wilhelm Erb akapambanua mahali penyewe mwaka 1874. Kupooza huku hubeba jina lake hadi leo. Sababu iliyonifanya nitazame kope na mboni ni kazi ya Augusta Klumpke, ambaye mwaka 1885, akiwa bado kijana anayesomea udaktari Paris, alionyesha kwamba mizizi ya chini ikiumia mkono hulegea kiganjani, na jicho la upande huo huweza kusinzia na mboni yake kuwa ndogo. Kwa mtoto wetu dalili hiyo ingekuwa habari mbaya zaidi.

Kwenye kadi aliyotoka nayo mahali alipozaliwa, ambapo sipataji, mtoto aliandikiwa kwamba yu mzima. Hapakuandikwa kwamba bega lilikwama, wala kwamba mkono haukuinuka. Siwezi kulipita hili haraka. Kumpima mchanga refleksi ya Moro hakuhitaji mashine wala umeme. Kunahitaji dakika moja na mikono miwili isiyo na haraka. Kwa kuwa hapakuwa na aliyemwambia mama lolote, siku ya tatu mkandaji alikuja kama kawaida na mafuta yake ya nazi, akamnyoosha mtoto viungo, akaivuta mikono na kuipishanisha kifuani. Mkandaji hakukosa, maana alifanya alichofundishwa kwa mtoto aliyeambiwa kuwa ni mzima. Kosa lilikuwa katika ukimya uliomtangulia.

Mkandaji mwenyewe tuliomba aletwe, na alikuja. Tulikubaliana kwamba kwa siku chache zilizofuata mkono usivutwe hata kidogo, ulazwe tumboni mwa mtoto ndani ya fulana. Mtoto asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapa wala mkono. Akivishwa nguo mkono wa kulia uanze kuingia, na akivuliwa uwe wa mwisho kutoka. Baada ya wiki mbili kutimia tangu kuzaliwa, tulianza mazoezi ya kuuzungusha kwa upole kila anapobadilishwa nepi, hasa kuligeuza bega nje kiwiko kikiwa ubavuni na kukigeuza kiganja kitazame juu, kwa sababu misuli inayovuta ndani ni mizima na ikiachwa peke yake hukaza kiungo. Mkandaji aliyashika mazoezi hayo upesi kuliko wafanyakazi wengi niliowafundisha. Pia tuliwaomba waufikishe mkono ule kinywani mwa mtoto aunyonye, wampapase kwa leso, kwa pamba, kwa kiganja chenye mafuta, kwa kuwa ubongo unaojifunza mwili huanza na kuhisi, na mkono usiohisiwa huweza kusahauliwa hata baada ya neva kupona.

Swali la mama lilikuwa moja: utarudi? Watoto wengi wenye jeraha hili hupona, wengine kabisa, wengine kwa sehemu. Neva iliyovutika tu huamka baada ya siku au wiki. Ambayo nyuzi zake zimekatika ndani ya ala yake huota upya kwa takriban milimita moja kwa siku, na kutoka shingoni hadi msuli wa kukunja kiwiko hiyo ni safari ya wiki nyingi. Iliyong'oka katika uti wa mgongo haioti. Kwa kuwa siku ya tisa hizi tatu hufanana kwa nje, kipimo ni wakati: kiwiko kisipojikunja chenyewe kikiuinua mkono dhidi ya uzito wake mtoto akiwa na miezi mitatu, mtoto anapaswa kuonwa na mpasuaji wa neva. Nilimwandikia rufaa ya Mombasa siku ileile, ili nafasi isikosekane ikihitajika.

Wiki ya nne bega lilionyesha mtikisiko mdogo, wa kuonekana kwa mwanga mzuri tu. Wiki ya saba mama alikuja na jambo lililomtatiza. Mtoto akiwa katika beseni la kuogea, mkono wa kulia ukizama majini, kiwiko hujikunja. Akilazwa kitandani, hakijikunji. Alidhani macho yake yanamdanganya. Hayakumdanganya. Esther Thelen na wenzake, nchini Marekani, waliandika mwaka 1984 juu ya watoto waliokuwa wanaanza kupoteza hatua zile ambazo mchanga hupiga akisimamishwa; walipozamishwa majini hadi kiwiliwili, hatua ziliongezeka. Amri ya neva ilikuwepo muda wote, na mguu ulikuwa umenenepa kuliko nguvu za misuli yake. Mtoto wetu naye alikuwa na amri iliyokwisha kufika na msuli dhaifu mno usioweza kuubeba mkono hewani. Tangu siku hiyo aliogeshwa mara mbili, maji yakiwa ya vuguvugu na ya kina cha kutosha, na mama akimsubiri ajisogeze mwenyewe.

Wiki ya kumi kiwiko kilijikunja kitandani. Refleksi ya Moro siku hiyo ilikuwa ya pande mbili, wa kulia ukichelewa na kuishia chini ya mwenziwe.

Nilimwona tena akiwa na miezi mitano. Nilikiacha kichwa kishuke kidogo kama mara ya kwanza, na hakukuwa na mkono ulioruka, wa kulia wala wa kushoto. Nyanya alishtuka yeye, akidhani ugonjwa umehamia upande wa pili. Nilimweleza kwamba kati ya miezi minne na sita refleksi hii huondoka, kwa sababu sehemu za juu za ubongo zimeanza kulituliza shina la chini na kuishika mikono kwa kazi yao wenyewe. Nyanya alilisikiliza hilo kwa makini, kisha akaivua bangili yake ya fedha, akaining'iniza juu ya kifua cha mtoto. Mkono wa kushoto ulifika kwanza. Nyanya akaushika huo, akaung'ang'ania, akangoja. Mkono wa kulia uliinuka kutoka chini, kiwiko kikitoka nje kidogo kuliko inavyotakiwa, ukaigusa bangili kwa mgongo wa vidole, ukaikosa, ukarudi, ukaikamata. Bega bado haligeuki nje lote, na kiganja hakijatazama juu sawasawa. Mazoezi ya hayo mawili yanaendelea kila anapobadilishwa nepi.